Uzi: Nimemkuta mama wa babu yangu kwenye kitabu cha ubatizo cha 1893, na neno moja limeninyima usingizi

#1 Kitukuu_wa_Ghuba

Wakuu, mwangaluka. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, simlaumu.

Kuna watu wawili nimewatafuta mwaka wa pili huu: baba na mama wa babu yangu mzaa baba. Ukoo bado upo na watu wana maneno, kwa hiyo majina siweki. Nitawaita Babu Y na Bibi M. Tulichorithi kwa mdomo ni kwamba Babu Y alikuwa katekista, kwamba Bibi M alikuwa Mganda aliyekuja kwa mtumbwi, na kwamba walifunga ndoa kanisani kabla ya mtu mwingine yeyote kijijini. Hayo tumeyasikia kila msiba na kila kipaimara, kwa maneno yaleyale.

Kilichonianzisha ni msiba wa baba. Nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kabla ya kuaga mwili. Alizaliwa lini, sawa. Mtoto wa nani, sawa. Nikataka nianzie mbali kidogo, niwataje na wazee wa nyuma, kalamu ikasimama. Baba zangu wadogo wamekaa chini ya turubai, hakuna hata mmoja aliyejua baba wa Bibi M aliitwa nani. Mmoja akasema, "Andika tu wa huko Uganda." Wasifu ukasomwa na pengo lake.

Parokia siitaji. Ni misheni ya zamani kusini mwa Ziwa Victoria, inatosha. Mara ya kwanza karani aliniuliza kadi ya zaka. Nikamwambia mimi nasali Igoma, zaka yangu iko huko. Akasema basi nilete barua ya jumuiya yenye mhuri wa paroko wangu. Mara ya pili nimekuja na barua, mwenye ufunguo wa kabati kasafiri. Mara ya tatu paroko mwenyewe akanipokea, akafungua kabati la chuma, akaweka vitabu vinne mezani: "Soma hapahapa mbele yangu, usipige picha, na usilambe kidole."

Hilo la kidole nililielewa nilipofungua. Karatasi ni nene lakini kingo zimekauka kama jani la tumbaku, ukizivuta zinabaki mkononi. Wino umekuwa rangi ya chai ya rangi. Kona ya chini ya kila ukurasa ina weusi wa vidole vya mapadri waliokwisha kufa wote. Mchwa walianza kula jalada wakaishia kwenye namba ya kitabu.

Maandishi yote ni Kilatini. Bibi M nilimpata siku ya pili, saa sita kasoro, kwa sababu jina lake la ubatizo si la kawaida na kuna mtu ameongeza pembeni, kwa mwandiko tofauti, ndoa yake na Babu Y. Kabatizwa 1893. Mstari wenyewe nimeunakili kwa penseli: *puella redempta, circiter 6 annorum, parentibus ignotis*. Nimetafsiri hivi: binti aliyekombolewa, umri kama miaka 6, wazazi hawajulikani. Nikasema sawa, mapadri wa kale na lugha yao, sote tumekombolewa na Kristo. Msimamizi wake ni mwanamke, na baada ya jina lake pameandikwa "Muganda".

Sasa mambo yanayonisumbua. Nikaenda kwenye kitabu cha ndoa, 1906. Bibi M yuleyule, lakini safari hii ni binti wa fulani, jina la baba limeandikwa kabisa, halafu *de Usinja*. Wazazi wasiojulikana 1893 wamejulikanaje miaka 13 baadaye? Na Usinja ni wapi?

La watoto. Nimehesabu tisa, watano wana msalaba mdogo wa wino pembeni. Kuna Yosefu watatu: wa 1909, wa 1914 na wa 1921. Wawili wa kwanza wana msalaba. Wa tatu ndiye babu yangu. Jina tulilomjua nalo mzee maisha yake yote lilikuwa limevaliwa na ndugu zake wawili kabla yake, nao wamezikwa. Nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo, paroko akadhani vumbi limenipata kifuani.

Halafu kuna mtoto mmoja wa kike amebatizwa Novemba 1918, na kwenye kitabu cha wafu amezikwa tarehe 9 *Xbris* 1918. X ni kumi, si ndiyo? Amezikwa Oktoba akabatizwa Novemba? Mwenye Kilatini anisaidie.

#2 Daga_Mkavu

Naweka kambi hapa na mkeka wangu. Kumbe zaka ina faida mpaka kwa mababu.

#3 Kalamu_ya_Parokia

Kitukuu, nimekuwa karani wa parokia miaka 22, sasa nimestaafu. Kwanza nakupongeza kwa penseli. Wengi huja na kalamu ya wino na chupa ya soda.

*Xbris* si Oktoba. Mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi, ndiyo maana majina ya miezi ya mwisho yana hesabu ndani yake: septem saba, octo nane, novem tisa, decem kumi. Mapadri walifupisha kwa kuandika tarakimu: 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, Xbris ni Desemba. Mtoto wenu amebatizwa Novemba amezikwa Desemba, mambo yako sawasawa. Makosa haya yameshaharibu vyeti vingi. Nimewahi kuona mtu "amezaliwa Julai" kwa sababu karani aliyenitangulia alisoma 7bris akaona saba, na mpaka leo Julai yake iko kwenye kitambulisho cha taifa.

Desemba 1918 tazama mistari ya juu na ya chini yake. Ile ndiyo miezi ya homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Kwenye vitabu vya wakati huo mara nyingi utaona wafu wamejaa ukurasa, mwandiko unakimbia, padri hata hamalizi sentensi.

Hayo maneno ya ndoa pembeni ni bahati yako. Sheria ya kumtaka padri aandike ndoa kwenye mstari wa ubatizo ilianza Pasaka ya 1908. Ndoa ya 1906 haikulazimika kuandikwa pale, kwa hiyo kuna padri mwenye bidii aliyerudi nyuma akajaza. Mtu mwingine akikosa maneno hayo kwenye ubatizo wa kabla ya hapo asikate tamaa, aende kitabu cha ndoa chenyewe.

Na Babu Y? Alibatizwa mtu mzima?

#4 Kitukuu_wa_Ghuba

Kalamu, shikamoo mzee wangu. Nimerudi kwenye daftari langu: kuna mtoto wao mwingine, wa 1911, amezikwa 12 Xbris 1918. Siku tatu baada ya mdogo wake. Nilikuwa nimewaandika kurasa mbili tofauti sikuona.

Babu Y alibatizwa 1905, mtu mzima. Neno katekista sijaliona popote, lakini jina lake kama msimamizi wa ubatizo nimelihesabu mara 31 nikaacha. Baba yake Babu Y ameandikwa kwa namna nne. Mwanzo wa jina ni ile ng' ya ng'ombe, basi mmoja kaandika n peke yake, mwingine ng, mwingine m. Na u ya katikati kuna padri anaiandika "ou" na mwingine "oe". Nilidhani ni watu wanne.

#5 Kalamu_ya_Parokia

Marahaba. "Ou" huyo ni Mfaransa, "oe" huyo ni Mholanzi, kila mmoja anaandika u yetu kama walivyofundishwa kwao. Mapadri Weupe, wale wamisionari wetu, wa mwanzo wengi walikuwa Wafaransa, baadaye Waholanzi wakazidi upande wetu. Askofu Sweens na Askofu Oomen wote Waholanzi. Ukijua padri ni wa wapi unasoma jina kwa sikio lake. Soma kwa sauti, usisome kwa macho. Na mkiona kwenye vitabu hivi "Mwana" au "Nguana" mbele ya jina, hilo si jina. Ni Ng'wana, yaani mtoto wa fulani. Kuna ukoo ninaoujua umechukua hilo kuwa jina la kizungu la familia.

Kama kabatizwa 1905 mtu mzima, basi alianza kuhudhuria karibu 1901. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa hao Mapadri Weupe, aliweka utaratibu wa miaka minne, miwili ya kuomba na miwili ya ukatekumeni. Hawakuwa na haraka wale. Waliokwepa foleni ni waliobatizwa wakiwa mahututi. Mtu wa kusimamia watu 31 hakika alikuwa anafundisha, awe ameandikwa au hajaandikwa.

#6 Mwl_Mstaafu_Nyamagana

Nimesita kuandika hili tangu asubuhi. Kitukuu, neno *redempta* hukulitafsiri vibaya, ila umelipeleka kanisani na lenyewe lilikuwa sokoni. Kukombolewa hapo ni kulipiwa. Bibi yako alinunuliwa kutoka kwa waliokuwa wanamuuza.

Weka miaka sawa. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Buganda 1879, wakaondoka 1882 wakashuka kusini, na 1883 wakafungua Bukumbi. Lavigerie alikuwa na vita yake dhidi ya utumwa, na 1888 alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri hilo. Huku kwetu vita hiyo ilikuwa na sura ya watoto: misafara ya watumwa ilikuwa inapita, mapadri wanatoa nguo na vitu vingine vya biashara wanachukua mtoto, wanamlea kwenye nyumba ya yatima ya misheni. Ndiyo maana wazazi hawajulikani. Padri hakumdharau mtu, aliyemuuza hakuja na baba wa mtoto.

Na huo Uganda wenu nao umepata pa kutokea. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipopinduliwa alikimbilia kusini mwa ziwa, na mwishowe akahifadhiwa na mapadri hukohuko Bukumbi kabla hajarudi kwake. Wakristo wa Kiganda walikuwa wanakwenda na kurudi kwenye misheni zetu, na ndio waliofundisha wenzao wengi wa mwanzo. Mtoto wa miaka 6 akilelewa na mama wa ubatizo Mganda, akaongea Kiganda, akavaa kama wao, kijiji kitamwita nani? Mganda.

#7 Daga_Mkavu

Kwa hiyo ni Bukumbi.

#8 Kitukuu_wa_Ghuba

Sikubali wala sikatai.

Mwalimu, asante. Nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye daladala, nikapitishwa kituo. Nimeutuma kwenye kundi la familia, kosa langu. Kaka yangu mkubwa kapiga simu anataka nifute uzi mzima kabla watoto hawajasoma kwamba tumetokana na mtumwa. Nimemwambia hakuna jina la mtu humu. Akasema damu haifichwi na jina. Hatujaongea tangu juzi.

#9 Jabali_la_Bismarck

Na mimi naungana na kaka yako. Wazee walinyamaza kwa makusudi. Ukifukua jivu usilalamike macho.

#10 Kalamu_ya_Parokia

Jabali, wazee wangetaka lisijulikane wasingelipeleka mbele ya padri mwenye wino. Ila kuna upande mmoja una haki, nao ni wa majirani kwenye ukurasa. Mistari ya juu na ya chini ya Bibi M ni ya watu wengine, wengine watoto wa nje ya ndoa, wengine nao *redempti*, na wajukuu wao wako hai. Ndiyo maana paroko alikataza picha, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nakili mstari wako, wa jirani uache.

#11 Binti_Sengerema

Shikamooni mliotangulia. Baba yangu Mzinza, mama Msukuma, kwa hiyo nina mguu mmoja kila upande wa maji.

Usinja ndiyo Uzinza, ng'ambo yenu palepale, Sengerema mpaka Geita huko. Wazungu wa kale waliandika Usinja au Uzinja. Bibi yenu hakutoka Uganda. Alitoka mahali ambapo jioni mkisimama ufukweni mnaona moshi wao.

Kuhusu baba aliyejulikana ghafla: kaka, umemwangalia padri na Kilatini chake, ng'ombe hukuwaangalia. Mwaka 1893 nani alikuwa na haja ya jina la baba wa mtoto aliyelipiwa? Mwaka 1906 binti anaolewa. Ng'ombe waende kwa nani? Ukioa bila mkwe, ukizaa watoto ni wa nani, na siku mke akifa utapeleka taarifa wapi? Babu Y alikuwa Mkristo ndiyo, lakini alikuwa na baba na wajomba. Nakwambia kuna mtu alivuka maji kwenda kumtafuta mkwe, akampata, na hilo jina limeingia kitabuni likifuata ng'ombe. Muulize mzee wenu yeyote aliye hai: mahari ya Bibi M alipokea nani?

#12 Mwl_Mstaafu_Nyamagana

Binti, umenipiga bao. Mimi nilitaka kusema kwamba mara nyingi misheni ndiyo iliyosimama kama mzazi wa wale mabinti. Lakini kama misheni ndiyo ingekuwa mzazi, jina la Mzinza lisingetokea kabisa. Naliacha hapo.

#13 Sato_wa_Mwaloni

Samahani kwa kuingilia, sisi ni wa AIC (Africa Inland Church), babu zetu wa upande wa Nassa. Tutapata vitabu kama hivi?

#14 Mwl_Mstaafu_Nyamagana

Nassa ilifunguliwa na CMS, wamisionari wa Kianglikana, 1888, ikakabidhiwa kwa AIM (Africa Inland Mission) 1909, kwa hiyo jiulize mzee wako yuko upande gani wa huo mwaka. Kumbukumbu za CMS makao makuu ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, lakini hizo zaidi ni barua na taarifa za wamisionari. Anza na kanisa la mahali. Na kwa wa Kikatoliki: kila misheni ya Mapadri Weupe iliamriwa kuandika shajara ya kila siku, kwa Kifaransa, na nyaraka zao zimehifadhiwa Roma. Ubatizo unakupa tarehe, shajara inaweza kukupa kwamba siku hiyo mvua ilinyesha na boma la mbuzi likaanguka.

#15 Kitukuu_wa_Ghuba

MREJESHO.

Jumamosi nimekwenda Buhongwa kwa shangazi mkubwa, dada wa baba. Ana miaka 84. Bibi M alimlea mpaka alipokuwa msichana wa miaka 17. Nimemkuta uani anachambua choroko kwenye ungo. Nikaamkia, nikakaa, nikazunguka na habari za afya na bei ya mchele, mwisho nikamuuliza kama alivyosema Binti: shangazi, mahari ya Bibi M alipokea nani?

Hakuniangalia. Alimaliza ungo mzima. Akatoa mawe mawili, akayaweka kwenye kizingiti. Ndipo akasema, "Mlikuwa mnaniuliza habari za Uganda, nami nikawajibu habari za Uganda."

Wakuu, shangazi alikuwa nayo yote.

Wakati sotoka ilipomaliza ng'ombe, njaa ikaingia. Baba wa Bibi M alimpeleka kwa mtu mwenye ghala, akapewa vikapu viwili vya mtama, mtoto abaki pale mpaka mavuno. Rehani, yaani. Mavuno yalipokuja baba akarudi na mtama wake kichwani, akaambiwa mtoto amekwenda na msafara. Alirudi nyumbani na vile vikapu. Shangazi anasema Bibi M alikuwa akijiita "wa vikapu viwili" akiwa na hasira na mume wake, na watoto walidhani ni mzaha wa watu wazima. Na hakuwahi kula mtama. Si ugali wake, si uji wake, hata pombe yake. Alikula muhogo, viazi, baadaye mahindi. Sisi tulijua kwamba Bibi alikuwa na tumbo la matatizo. Mpaka baba yangu alikuwa anasema anahisi amerithi tumbo la Bibi.

Alipatikanaje? Kwa nyama. Misheni walipewa pongo, mnyama wa porini, na mwindaji, ikapikwa, yeye akakataa. Alikuwa ameshakuwa msichana. Kiganda anaongea, Kisukuma anaongea, lugha ya kwao ilikuwa imebaki maneno machache, lakini akasema, "Kwetu hatuli hii." Mpiga kasia mmoja wa Kizinza aliyekuwa pale akamuuliza kwenu ni kwa nani. Hajui. Mnakaaje, mna mwiko gani mwingine, nyumba inaangalia wapi. Yule mpiga kasia aliondoka na hayo. Babu Y alipotaka kuoa, huyohuyo mpiga kasia ndiye aliyetumwa tena, safari hii na jina la mchumba.

Kuhusu ng'ombe akacheka, akasema hilo waulizwe ng'ambo, yeye hataki kutiwa kwenye kesi.

#16 Daga_Mkavu

Mimi nina choroko jikoni na siwezi kuzitazama tena.

#17 Jabali_la_Bismarck

Nimerudi kusoma. Baba aliyerudi na mtama kichwani... Kitukuu, sahau nilichosema juu.

#18 Binti_Sengerema

Ukoo usiokula pongo upo na ninajua pa kuanzia. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Nipe jina la baba kama lilivyoandikwa, pamoja na hizo "ou" zake.

#19 Kitukuu_wa_Ghuba

MREJESHO WA PILI, na nadhani wa mwisho.

Nimekuwa kimya wiki sita. Binti alisoma jina kwa sauti kama Kalamu alivyoshauri, akampigia simu mama yake mdogo, naye akampigia mtu, na siku ya nne nikaambiwa nije. Nilikwenda na shangazi. Na kaka pia alikuja. Hakusema chochote, alifika tu alfajiri na gari lake akafungua mlango wa mbele kwa shangazi.

Tulivuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3. Shangazi aliomba tupite polepole. Katikati akauliza kina cha maji, hakuna aliyejua, akanyamaza mpaka ng'ambo.

Wakwe zetu, maana ndivyo walivyo, walikuwa wametandika mikeka. Mzee wa ukoo ana miaka karibu na ya shangazi. Alianza kuwataja wazee wao kurudi nyuma, na alipofika kwa baba wa Bibi M nilikuwa na daftari langu wazi: jina ni lilelile, ukiondoa Ufaransa ulioingia katikati. Akamtaja binti aliyekwenda na njaa. Kwao hakuitwa mtumwa wala Mganda. Aliitwa aliyekwenda na njaa, basi.

Nikamwambia sisi tunamjua kwa jina la ubatizo tu. Jina la kwao halimo kitabuni. Mzee hakunijibu, akageukia uani akaita. Akaja mtoto wa kike wa darasa la pili, ameshika ndoo ya maji tupu, viatu vya shule vimekanyagwa visigino. Akauliza, "Abee babu?" Ndilo jina lenyewe. Wamekuwa wakilirithisha wakati wote huo. Shangazi akamshika mkono yule mtoto na hakumwachia mpaka chakula kikaja. Wali na kuku, mtama haukuwapo, sijui nani aliwaambia.

Baada ya chakula mzee akasafisha koo akasema tusiondoke kwanza kuna shauri. Mahari ilikubaliwa ng'ombe sita. Waliogeleshwa kando ya mitumbwi, mmoja mmoja, kamba kwenye pembe. Watano walitua. Wa sita alichukuliwa na mamba, kamba ikakatwa ili mtumbwi usipinduke. Babu Y alisema yeye ametoa sita. Baba mkwe alisema amepokea watano. Padri alipoulizwa akasema ndoa ya Kanisa haitegemei ng'ombe, akafungisha, jambo likabaki hivyo.

Kaka yangu ambaye hakuwa ameongea siku nzima akajibu pale pale kwamba ng'ombe akishatoka kwenye zizi letu si wetu tena. Mzee akamwambia, "Mamba alimla kabla hajakanyaga kwetu. Kwa hiyo mamba alikula ng'ombe wenu." Wazee wote wa mkeka ule wakaitikia. Shangazi naye akaitikia, sijui yuko upande gani.

Tumejadiliana saa nzima na tumeshindwa. Wamekubali kutotudai ndama waliokuwa wazaliwe tangu 1906, hilo tumewashukuru sana, wabeja. Lakini ng'ombe ni lazima, na awe jike.

Sasa wakuu, mlioko karibu na minada: mtamba wa miaka miwili, wa kienyeji, anakwendaje siku hizi? Na kuna mtu anajua kama darajani wanaruhusu kupita na ng'ombe kwa miguu? Shangazi anasema wa gari hawatamhesabu.